Je, wajua kwa nini vidonge vya vitamini E havikuukinga moyo?

Kopo la vitamini E dukani huandikwa kwamba linapambana na radikali huru na kulinda moyo. Neno la kwanza lina msingi: radikali huru, yaani chembe zenye elektroni isiyo na mwenzake, zipo, na zinaharibu mishipa ya damu. La pili lilipimwa, likaanguka. Utafiti wa HOPE, uliochapishwa mwaka 2000, uliwafuatilia watu 9,541 wa miaka 55 na zaidi waliokuwa katika hatari kubwa ya maradhi ya moyo. Nusu walimeza yuniti 400 za vitamini E kila siku, nusu wakapewa plasebo, yaani vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya miaka minne na nusu hivi, waliopata shambulio la moyo, kiharusi au kufa kwa maradhi hayo walikuwa asilimia 16.2 kwa waliomeza vitamini, na asilimia 15.5 kwa wenzao. Tofauti ndogo kama hiyo huweza kuletwa na bahati tu, lakini faida haikuonekana hata kidogo.

Sababu iko ndani ya ukuta wa mshipa.

Oksijeni tunayovuta ikiongezewa elektroni moja hugeuka kuwa superoksaidi, mojawapo ya radikali huru hizo. Seli zetu huitengeneza muda wote, na mwili una namna yake ya kuiondoa. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kuwa kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, chenye kazi hiyo hasa, kinachoitwa SOD kwa kifupi. Huigeuza superoksaidi kuwa haidrojeni peroksaidi, ile ile ya kwenye chupa ya kuoshea vidonda, ila kwa kiasi kidogo mno.

Sasa angalia mshipa wenyewe. Upande wa ndani, unaoguswa na damu, umetandazwa safu moja tu ya seli, endotheliamu. Mwaka 1980 Robert Furchgott alionyesha kwamba kipande cha aorta, mshipa mkuu wa damu, cha sungura hulegea kikitiwa asetilikolini, kemikali ya neva, lakini safu hiyo ikikwanguliwa hakilegei tena. Watafiti walikuwa wakiikwangua bila kukusudia walipoandaa vipande vyao, ndiyo maana majibu yalikuwa yakigongana. Kinachotoka kwenye safu hiyo na kulegeza misuli ya mshipa ni gesi, nitriki oksaidi. Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kazi hiyo.

Superoksaidi na nitriki oksaidi zikikutana huungana papo hapo, kwa kasi inayoishinda hata SOD. Kwa muungano huo mshipa hupata hasara mbili. Gesi ya kuulegeza imepotea, na kilichozaliwa, peroksinitriti, kinashambulia mafuta na protini za seli. Kuna na ya tatu, mbaya zaidi: peroksinitriti huharibu tetrahidrobiopterini, kiungo ambacho kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksaidi hakifanyi kazi vizuri bila hicho. Kikikikosa, kimeng'enya kile kile huanza kutoa superoksaidi badala ya gesi.

Basi superoksaidi ya ziada inatoka wapi? Kwa miaka mingi ilionekana ni mabaki yanayovuja kwenye mitokondria, au silaha ambayo seli nyeupe za damu huwarushia bakteria. Mwaka 1994 Kathy Griendling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walichukua seli za misuli laini kutoka kwenye mishipa ya panya, wakazitia angiotensini II, homoni inayobana mishipa na kupandisha presha. Katika saa 4 hadi 6 superoksaidi ilipanda karibu mara 2.7. Chanzo kilikuwa kimeng'enya kilichokaa kwenye utando wa seli, NADPH oksidasi, ambacho huchukua elektroni na kuzipachika kwenye oksijeni. Kwa maneno mengine, seli ilikuwa ikiitengeneza superoksaidi makusudi, kwa amri ya homoni. Siku hizi familia ya kimeng'enya hicho inajulikana kuwa na ndugu saba: Nox1 hadi Nox5, na Duox mbili.

Mtu makini atauliza: je, si presha yenyewe inayoleta hayo? Jaribio la mwaka 1996 lilijibu vizuri. Panya walipandishwa presha kwa njia mbili, wengine kwa angiotensini II, wengine kwa noradrenalini, homoni nyingine inayobana mishipa. Presha ilipanda kwa wote, lakini superoksaidi kwenye ukuta wa mshipa iliongezeka kwa wale wa angiotensini II peke yao.

Kuipima superoksaidi kuna mitego, na matokeo mengi ya zamani yalitiliwa shaka kwa ajili hiyo. Lusigenini, kemikali inayotoa mwanga ikikutana nayo, ikitumika kwa wingi, tuseme maikromola 250 (kipimo cha wingi wa kemikali katika kila lita), huanza kuitengeneza superoksaidi yenyewe. Ndiyo maana wengi walishuka hadi maikromola 5. Dihidroethidiamu, rangi inayowaka nyekundu ndani ya seli, huharibiwa na mwanga wa chumba, na wekundu wake unaweza kutoka kwa zao jingine lisilohusiana na superoksaidi. Zao la kweli, 2-hidroksiethidiamu, inabidi litenganishwe kwa kromatografia, njia ya kuchambua mchanganyiko wa kemikali, kabla ya kupimwa. Na kuna kipimo cha uaminifu ambacho hakirukwi: ongeza SOD, uone kama ishara, yaani ule mwanga au wekundu, inazimika. Isipozimika, ulichopima ni kitu kingine. Ila SOD ya kawaida haipenyi ndani ya seli, kwa hiyo ikishindwa kuzima ishara ya ndani usikimbilie kutoa hukumu; tumia ile iliyofungwa kwenye polietilini glaikoli, kemikali inayoisaidia kupenya.

Turudi kwenye kopo. Vitamini E hukaa kwenye mafuta ya utando, na kazi yake ni kukata mnyororo wa mafuta yanayooksidishwa. Haina mbio za kuiwahi superoksaidi. Vitamini C nayo huungana na superoksaidi polepole, nitriki oksaidi ikiizidi kasi zaidi ya mara 10,000. Ili ishindane ingehitaji kufika milimola 10 hivi kwenye damu, na kwa vidonge haipiti sana milimola 0.2, kwa sababu utumbo unaacha kuifyonza na figo zinaitoa kwenye mkojo.

Isitoshe, haidrojeni peroksaidi si adui wa kufagiliwa yote. Kwa viwango vya nanomola seli huitumia kama ujumbe: hugusa atomi za salfa kwenye protini fulani na kuziwasha au kuzizima. Kuizima ovyo kunaweza kuvuruga kazi halali za seli. Na virutubisho vya aina hii vinaweza kudhuru. Huko Ufini, katika utafiti wa wanaume 29,133 wavutaji sigara uliotangazwa mwaka 1994, waliomeza miligramu 20 za beta-karotini, kirutubisho kingine cha kupambana na radikali huru, kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza.

Kinachovutia ni kwamba HOPE ilipima pia ramipril, dawa inayozuia kutengenezwa kwa angiotensini II. Kwa miligramu 10 kwa siku, matukio yale yale yalishuka kutoka asilimia 17.8 hadi 14.0. Ramipril hushusha presha pia, hivyo si haki kuipa superoksaidi sifa yote. Hata hivyo dawa hii hukata amri kabla kimeng'enya hakijaanza kazi, wakati vitamini hungoja madhara yatokee kisha ihangaike nayo.

Enalapril na losartan, zinazotolewa sana kwenye kliniki za presha, zinapita njia hiyo hiyo: enalapril huzuia homoni isitengenezwe, losartan huziba mlango inapogonga. Enalapril huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na wengi wao huhamishiwa losartan. Zote mbili zinaweza kupandisha potasiamu, kwa hiyo damu na figo hupimwa wiki chache baada ya kuanza. Mwenye mimba hazitumii kabisa, maana hudhuru figo za mtoto tumboni. Anayepanga kubeba mimba amwambie daktari mapema abadilishiwe dawa.