Mraibu akipata nafuu, anarudi nyumba ipi?

Ndugu wengi wanaomleta kijana kwangu hapa Mtwara mjini huanza na swali moja: nani alimfundisha kula unga, yaani heroini? Wanatafuta rafiki wa kumlaumu, kijiwe cha bodaboda au safari ya Dar es Salaam. Hasira yao naielewa. Lakini mimi ni mwanasaikolojia tiba, na tukibaki wawili namuuliza kijana jambo jingine: "Ulipokuwa mdogo, usiku ulikuwa unalala wapi, na nani mwingine alilala humo?" Wapo wanaojibu haraka. Wapo wanaotazama mlango kwanza.

Simuulizi kwa umbeya. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha utafiti wa San Diego, Marekani, ulioangalia yaliyowapata maelfu ya watu wazima kabla ya kufika miaka 18: kupigwa, kuingiliwa, kudhalilishwa kwa maneno, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi. Uchambuzi wa 2003 ulionesha kuwa waliopitia madhila matano au zaidi walikuwa na uwezekano mara 7 hadi 10 zaidi wa kueleza matatizo ya dawa za kulevya kuliko wasiopitia lolote. Na kwetu? Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18.

Wengi walioumizwa hawagusi dawa maisha yao yote; hilo lieleweke. Ila kwa anayegusa, dawa jamii ya afyuni, kama heroini na tramadoli, zina mvuto wa pekee. Mwili wenyewe hutengeneza kemikali za jamii hiyo, za kupunguza maumivu, na inaonekana zinahusika pia mtoto anapobembelezwa. Mwaka 1978 mtafiti Jaak Panksepp na wenzake walionesha kuwa dozi ndogo tu ya mofini ilipunguza kilio cha watoto wa mbwa waliotengwa na wenzao. Sasa mfikirie mtoto aliyekua bila wa kumtuliza, kila akisikia hatua za miguu mwili unakakamaa. Vijana wananieleza kwamba kete ya kwanza iliwapa utulivu ambao hawakuwahi kuupata kwa binadamu yeyote. Nawaamini.

Arosto, mateso ya mwili unapokosa unga, tunaijua: miayo, kamasi, mifupa kuuma, kuhara. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011 pale Muhimbili, huituliza vizuri, na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Shida ni kwamba unga ukiondoka, kumbukumbu zinarudi. Aliyekuwa akilala kwa nguvu ya unga sasa anashtuka saa nane usiku, shuka limeloa jasho. Na ndipo familia inaposema amepona.

Kikao cha ndugu huwa na nia njema kabisa. "Akakae kwa baba yake mdogo, yule mkali, atamnyoosha." Kijana yuko kimya, anabandua ngozi ya kidole gumba mpaka damu inatoka. Wazee wanaona ametii. Mimi najua kwa baba mdogo kulitokea nini, na siwezi kutamka, maana siri ni yake. Ninachoweza ni kuomba kikao kisimame, kijana aulizwe faragha ni kwa nani angependa kulala, na jibu lake liheshimiwe bila kudaiwa sababu.

Akirudishwa palepale, hatari ni kubwa kuliko mwanzo. Mtu akishaacha kwa muda, mwili husahau dozi ya zamani. Akiirudia ileile, pumzi inaweza kukata.

Kisha nawauliza wazee: kwenye nyumba hiyo sasa hivi kuna watoto wadogo? Kama wapo na mna wasiwasi nao, pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.