Zanzibar hatuendeshwi kwa sharia ya Kiislamu, na Kadhi hahukumu wezi

Jana tena. Wakili mwenzangu wa bara, kasoma vizuri tu, ananambia "nyie mna serikali yenu ndo maana mnatumia sharia". Hapana jamani, hili nimechoka kulisikia.

Katiba ya Zanzibar ya 1984 haisemi popote kwamba Uislamu ni dini ya serikali. Mwizi anakwenda mahakama ya kawaida, kwa sheria iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi, basi. Kadhi, yaani hakimu wa mahakama ya Kiislamu, ana ndoa, talaka, matunzo, watoto, mirathi na wakfu, tena za Waislamu tu. Cha tofauti ni kwamba rufaa zake zinaishia huku huku, haziendi Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Sasa kinachoniudhi khasa ni hii fikra kwamba kujitawala kumewapa masheikh nguvu. Kadhi Mkuu anateuliwa na nani? Rais. Mufti? Rais huyohuyo, kwa sheria ya 2001 ambayo masheikh wengi waliipinga kwa sababu mihadhara na mikusanyiko ya dini ikawa inahitaji ruhusa ya ofisi ya Mufti, na wakfu nazo ziko chini ya kamisheni ya serikali, kwa hiyo mamlaka ya ndani yameiingiza dini serikalini, na sheikh anayetaka kusema kitu serikali isichokipenda ndo anajikuta nje. Watu wanaona kanzu na kofia ofisini wanadhani dini ndo inatawala!

Alafu hili la dini linageuka kuwa suala la Muungano. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, Agosti 1993 ikatoka kwa sababu mambo ya nje ni ya Muungano, na kelele zile ndo zikawasukuma wabunge wa G55, lile kundi la wabunge 55 wa bara, kudai serikali ya Tanganyika.

Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya huku Zanzibar, ndo wananipa tabu. Ilisajiliwa kama jumuiya ya mihadhara, ikaja kudai mamlaka kamili ya Zanzibar. Ilikuwa dini au siasa? Nimewasikiliza sana na mpaka leo siwezi kuchora mstari, na nina wasiwasi na anayesema anaweza. Viongozi wake walisota rumande bara kwa mashtaka ya ugaidi mpaka yakafutwa Juni 2021, na huku mitaani swali kubwa halikuwa sharia, lilikuwa kwa nini Wazanzibari washtakiwe Dar wakati Zanzibar ina Mahakama Kuu yake.