Lexington 1775: nani alifyatua wa kwanza, na nani aliwahi kufika London

Kila nikifundisha mwanzo wa vita ya uhuru wa Marekani naulizwa lile lile, nani alifyatua risasi ya kwanza pale Lexington, mji mdogo karibu na Boston huko Massachusetts? Jamani, mpaka leo hakuna anayejua. Alfajiri ya 19 Aprili 1775 askari wa Mwingereza kama 700 hivi walikuwa njiani kutoka Boston, Jenerali Gage, mkuu wa majeshi ya Mwingereza kule, kawatuma mji wa Concord wakaharibu silaha na baruti za walowezi, kufika Lexington wakakuta wanamgambo kama 77 wamejipanga uwanjani chini ya Kapteni John Parker, mara mlio, kisha milio, na wanamgambo wanane wakafa. Kati ya majeruhi alikuwepo Prince Estabrook, mtu mweusi, mtumwa, naye alisimama mstarini siku ile. Huyu watu wanamsahau sana na inaniuma.

Concord darajani walowezi wakajibu, safari hii kwa amri kabisa, na njia nzima ya kurudi Boston Waingereza wakawa wanapigwa kutoka nyuma ya kuta za mawe na miti, wakafa askari wao 73.

Ila mimi naona kazi kubwa ilifanyika siku zilizofuata. Tarehe 23 mpaka 25 Aprili viongozi wa walowezi Massachusetts wakachukua maelezo ya mashahidi kwa kiapo mbele ya mahakimu. Parker akaapa kwamba aliwaambia watu wake watawanyike na wasifyatue. Hata luteni wa Kiingereza, Edward Gould, aliyekamatwa na jeraha lake, akaandikisha kwamba hawezi kusema kwa hakika upande gani ulianza. Afisa wa mfalme mwenyewe huyo!

Sasa ripoti ya Gage ilishaondoka kwenda London na meli ya Sukey, meli nzito yenye mizigo. Walowezi wakampa Kapteni John Derby wa Salem zile karatasi, akapanda Quero, meli ndogo isiyo na shehena, akaondoka siku kama nne nyuma na bado akatia mguu London 28 Mei. Tarehe 30 serikali ikatangaza gazetini kwamba haijapata taarifa yoyote rasmi, wakati watu wameshaanza kusoma viapo. Ripoti ya Gage, inayosema walowezi ndio walioanza, ikafika 10 Juni.