Nguo za ushahidi hazitiwi kwenye mfuko wa plastiki

Katika hospitali nyingi za Kenya, mtu wa kwanza kumpokea manusura wa ubakaji usiku wa manane ni muuguzi wa zamu kwenye chumba cha dharura. Daktari na polisi huja baadaye. Ndiyo maana mafunzo ya wauguzi hawa huanza kwa kung'oa imani ambazo wamekuja nazo.

"Apige ripoti kwanza, ndipo atibiwe."
Hii ndiyo inayoumiza zaidi. Dawa za PEP za kuzuia VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72 baada ya tukio, kisha humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina saa 120, na kadiri mtu anavyochelewa ndivyo uwezekano wa kusaidika unavyopungua. Saa hizo hazisimami kungoja foleni ya kituo cha polisi. Hata makaratasi yenyewe watu huyachanganya: P3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu, hutoka polisi, lakini fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, hujazwa hospitalini, kwa nakala tatu. Moja ni ya polisi, moja ya manusura, moja hubaki hospitalini. Asiyetaka kuripoti leo bado anatibiwa leo.

"Hana jeraha, basi hakubakwa."
Manusura wengi hawana jeraha lolote la kuonekana. Wapo waliotishwa, na wapo ambao mwili uliganda kwa hofu. Kuhusu kizinda, Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka mwaka 2018 "vipimo vya ubikira" vikomeshwe, kwa kuwa havina msingi wa kitabibu. Kazi ya muuguzi ni kuandika anachokiona: mchubuko uko wapi, una sentimita ngapi, una rangi gani. Hukumu si yake. Na sheria ya ushahidi ya Kenya inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kesi ya namna hii kwa maneno ya mwathiriwa pekee, mradi iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu zake.

"Ameshaoga, hakuna tena cha kuchukua."
Kuoga hupunguza ushahidi, hakuufuti wote. Zipo nguo, zipo kucha, na michubuko mingine hujitokeza siku ya pili. Kinachoharibu mambo mara nyingi ni nia njema: nguo mbichi inafungwa vizuri ndani ya plastiki, unyevu unabaki humo, ukungu unaota na DNA inaoza. (Mtu angedhani marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2017 ingetusaidia hapa, lakini plastiki haikosekani.) Nguo huanikwa kivulini ikauke, kila moja ikatiwa kwenye mfuko wake wa karatasi, ukafungwa, ukaandikwa tarehe na kutiwa saini. Kila anayeupokea baada ya hapo naye atie saini, la sivyo wakili wa mshtakiwa atauliza mfuko ulilala wapi.

"Alikabwa koo, lakini anaongea vizuri."
Shingo inaweza isiwe na alama hata moja, ilhali ukuta wa mshipa wa damu umechanika kwa ndani. Kiharusi kinaweza kuja siku kadhaa baadaye. Muuguzi aliyefunzwa huuliza: ulizirai? Ulijikojolea? Sauti imekwaruza? Unameza kwa shida? Kisha huangalia vidoa vidogo vyekundu machoni. Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo linamaanisha daktari aitwe sasa hivi.

"Haya ni mambo ya wanawake."
Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikusema hivyo. Wanaume na wavulana huja pia, wengi wakidai wameanguka tu.

"Mwenye huruma hahitaji kufunzwa."
"Mbona ulipita njia ile usiku, mama?" Aliyeuliza ana huruma tele, ila aliyeulizwa amesikia lawama. Kwa hiyo wauguzi hufanyishwa mazoezi ya kuigiza, mmoja akiwa mgonjwa, wakirudia sentensi chache: "Pole. Si kosa lako. Naomba ruhusa nikuguse mkono." Ruhusa huombwa upya kabla ya kila hatua, na mgonjwa anaweza kusema hapana katikati ya uchunguzi. Mwanzoni wengi huona haya na kucheka. Wanarudia tena.