Risasi haimrushi mtu ukutani
Pale kijiweni Ujiji ikija stori ya bastola ya kulinda nyumba utasikia usichukue ya bei poa, chukua likubwa likimpiga mwizi linamrusha mpaka ukutani. Hamna jamani, hiyo ni muvi. Risasi ya milimita 9 ina gramu kama 8, inatoka na mita kama 350 kwa sekunde, mtu wa kilo 70 inamsogeza kwa kasi ya sentimita 4 tu kwa sekunde, na kama ingemrusha yeye basi na wewe mpigaji ungerushwa maana bastola inakurudishia nguvu hiyohiyo mkononi. Kinachoangusha ni pale ilipopiga. Kwahiyo ya kawaida, yenye kibali, inatosha, hela inayobaki nunua kasha la chuma lenye kufuli, watoto wanapekua sana (wangu aliipata simu niliyoificha kwenye gunia la mchele).