Kujitolea kwa ajili ya bayoanuwai: tunayoambiana na yaliyo kweli

Mtu akija kujitolea kuhifadhi bayoanuwai, yaani aina zote za viumbe na mimea, siku ya kwanza huulizia jembe na mche. Mpe daftari na penseli, mwambie akae nusu saa ahesabu vipepeo, uone uso wake. "Hii nayo ni kazi?" Ni kazi, tena ndiyo inayokosa watu.

"Kuhifadhi ni kupanda miti"

Dhana hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ni ngumu kuigusa kwa sababu mti haukosi mtetezi. Lakini kabla ya kuchimba shimo, uliza: hapa palikuwa na nini? Uwanda wa nyasi una wenyewe, kuna ndege wanaotaga chini, panzi, na maua yasiyoweza kuishi kivulini. Ukiujaza miti umewafukuza hao wote, tena kwa vigelegele.

Ufilipino wamepanda mikoko kwa miongo kadhaa, na miche mingi imekufa kwa sababu ilipandwa kwenye matope ya chini mno, mahali panapofunikwa na maji muda mrefu na ambapo mikoko haikuwa ikiota. Kwa nini huko? Sehemu za juu zinazoifaa zilishageuzwa mabwawa ya samaki, na mabwawa yana wenyewe. Matope hayana wa kuyagombania.

Hata mti ukiwa sahihi na mahali pakiwa sahihi, bado kuna mkono wa mpandaji. Nimewahi kung'oa mche uliokauka, miezi minane baada ya siku ya upandaji iliyojaa watu na kamera. Kiriba, kile kifuko cha kuoteshea miche, ulikuwa bado umekivaa! Mizizi ilikuwa imejizungusha mle ndani kama uzi kwenye kibiringo, haikupata pa kutokea. Aliyeupanda alikuwa na haraka ya picha.

"Takwimu za watu wasio wanasayansi si za kutegemewa"

Mwaka 2017 dunia ilishtuka kusikia kwamba uzito wa wadudu warukao katika maeneo 63 ya hifadhi nchini Ujerumani ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya asilimia 75 ndani ya miaka 27. Wadudu hao walikusanywa na chama cha wapenda wadudu cha mjini Krefeld, wengi wao wakiwa watu wa kujitolea. Walitega mitego ileile, kwa utaratibu uleule, wakahifadhi walichokipata kwenye chupa za spiriti na kukipima. Uvumilivu wa namna hiyo ni vigumu kuupata kwenye mradi wa miaka mitatu. Vivyo hivyo, hesabu ya ndege ya Krismasi iliyoanza Marekani mwaka 1900, Frank Chapman alipopendekeza watu wahesabu ndege badala ya kushindana kuwapiga risasi, ilianza na watu 27 na inaendelea hadi leo.

Makosa yapo, sikatai. Mwenye siku mbili kazini atamwita kila ndege mkubwa tai. Ndiyo maana picha hupigwa na mtu wa pili hukagua. Kosa linaloniudhi mimi ni jingine kabisa: watu kutoandika sifuri. Umekaa nusu saa, hukuona kipepeo hata mmoja, unafunga daftari ukidhani siku imepotea. Haijapotea. Bila sifuri yako, atakayesoma miaka kumi baadaye hatajua kama vipepeo hawakuwepo au wewe ndiye hukuwepo.

"Kung'oa mimea ni kuharibu mazingira"

Inategemea unang'oa nini. Lantana ilitoka maeneo ya joto ya Amerika ikiwa ua la bustani, na kweli inapendeza: kishada kimoja huwa na njano katikati na wekundu pembeni, kwa kuwa maua hubadili rangi yanavyozeeka. Ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu, nayo huvamia na kuisonga mimea ya asili. Ukiikata juu inachipua upya. Lazima uchimbe hadi kwenye kichwa cha mzizi, kabla haijazaa, ukiwa umevaa glavu maana shina lina vimiba. Kisha urudi msimu ujao, na unaofuata.

"Nyuki wanaisha, tuweke mizinga"

Duniani kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na walio wengi hawakai mzingani. Huishi mmoja mmoja, wengi wakichimba vijishimo ardhini. Mizinga mingi mahali pamoja inaweza kuwanyang'anya chakula na kuwaambukiza magonjwa. Wao wanahitaji maua ya asili na kipande cha ardhi tupu kinachopata jua, kisichoguswa na jembe. (Gogo linalooza nalo liacheni hapohapo. Si uchafu, ni nyumba ya watu.)

"Nia njema haidhuru"

Kuna ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura, na umechangia kupungua kwa aina zaidi ya 500 za amfibia (vyura na jamaa zao) duniani. Huweza kusafiri kwenye tope lililoganda kwenye buti, na mwenye buti anaweza kuwa ni mtu wa kujitolea anayetoka kuhesabu vyura bwawa la kwanza akienda la pili. Kikundi makini huweka ndoo, brashi na dawa ya kuua vimelea njiani, na mwenye tope hapiti mpaka soli zitakate na zikauke.