Maana ya ufuatiliaji wa kichwa katika uhalisia pepe

Msafiri wa jahazi kutoka Bagamoyo kwenda Unguja huambiwa asikodolee ubao ulio miguuni pake, bali atazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Macho yakiona ubao umetulia ilhali sikio la ndani linahisi mawimbi, kichefuchefu hakikawii. Mgongano wa namna hiyo ndio unaomsumbua pia mvaaji wa miwani ya uhalisia pepe, yaani miwani inayomwonyesha ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta, na dawa yake kubwa ni ufuatiliaji wa kichwa.

Ufuatiliaji wa kichwa ni kazi ya kupima bila kukoma kichwa kimeelekea wapi na kiko mahali gani, kisha kuchora upya picha ya kila jicho kwa kufuata vipimo hivyo. Mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland aliionyesha kazi hiyo Marekani mwaka 1968, kwa kifaa kizito kilichoning'inizwa darini. Siku hizi vihisio vilivyomo ndani ya miwani hufanya kazi hiyo: jairoskopu hupima mzunguko na akselerometa hupima mchapuko, yaani badiliko la kasi, lakini makosa yao madogo hujilimbikiza, kama ya nahodha anayekadiria njia usiku bila kuona mnara wa taa; ndiyo maana kamera huongezwa ili zisahihishe.

Jambo la kuzingatiwa kuliko yote, kwa maoni yangu kuliko hata uzuri wa picha, ni muda. Tangu shingo igeuke hadi nuru ya picha mpya ifike jichoni, wataalamu hulenga zisipite milisekunde 20 hivi, na kioo kinachobadili picha mara 90 kwa sekunde hutumia takribani milisekunde 11 kwa kila picha.

Tuseme magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, yameingizwa katika miwani hiyo, nawe umesimama mbele ya kaburi lenye nguzo. Kifaa kinachopima mzunguko peke yake kitakuruhusu kuinua uso hadi kilele cha nguzo, lakini ukiinama pembeni uchungulie nyuma yake, nguzo nzima itasogea pamoja nawe. Kinachopima na mahali kilipo kichwa kitakuonyesha upande uliofichika, na hapo ndipo jiwe linapokuwa jiwe.

Katika uhalisia ulioboreshwa, ambapo picha huwekwa juu ya ulimwengu unaoonekana, kamera hushika alama zisizohama. Ukuta wa matumbawe wenye mashimo na mikwaruzo huzipa alama tele. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe huzinyima, na maji ya pwani, yasiyotulia kamwe, huzipoteza kabisa.